Kengele za Ng'ombe Katika Sikio la Kushoto

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la zahanati, kadi ya kifua mkononi, na mtu wa pembeni amejisogeza kidogo ili asigusane na wewe, basi nimekuandikia wewe. Wengine wakisoma nao ni sawa, siwafukuzi. Ila nitasema na wewe, maana benchi hilo nalijua. La kwetu lilikuwa na msumari uliochomoza upande wa kulia. Kila mgonjwa mpya aliukalia, akaruka, na sisi wa zamani tukacheka mpaka tukakohoa. Hakuna aliyewahi kuleta nyundo.

Naitwa Rhobi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika kijiji kimoja upande wa Machochwe, mwaka wa pili tangu Operesheni ya vijiji ituteremshe kutoka kilimani na kutupanga kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, mistari imenyooka kama ya daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mume wangu alikuwa karani wa pamba Musoma, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilikaa na mama yangu mzazi na binti yangu Ghati, mtoto wa miaka mitatu na nusu, mnene, mbishi, wa kunifuata hata chooni.

Kikohozi kilianza wakati wa kupalilia mtama. Nikasema ni vumbi la chaki. Walimu tuna bahati hiyo, kila kitu ni chaki. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, nikazibana kwa pini, pini moja, kisha mbili. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho, nikalianika kabla mama hajaliona. Halafu siku moja niligeuka kutoka ubaoni na msichana wa dawati la mbele akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, una damu mdomoni."

Hospitalini Mugumu nilikaa siku nane. Sitakueleza mengi ya pale, maana mengi yalikuwa kusubiri. Unasubiri kikopo cha makohozi, unasubiri kukirudisha, unasubiri kesho upewe kingine. Unasubiri picha ya kifua umevua blauzi, sakafu ya baridi, na mwenzako nyuma yako anahesabu kwa sauti watu waliobaki. Siku ya nane nilipewa karatasi. Nilijua kusoma kuliko wote waliokuwa pale barazani, na nilisoma herufi zile mbili, T na B, mara kumi nzima, eti labda zitabadilika.

Habari zilifika Tarime, kwa wakwe zangu, kabla sijafika nyumbani. Mama mkwe wangu alikuja ndani ya wiki moja. Hakukaa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kaa hukohuko, mwanangu, usisumbuke kuinuka."

Alisimama mlangoni amejifunga khanga kifuani kama mtu anayekwenda shamba. Ghati alikuwa tayari mgongoni kwake. Sijui hata alimbeba saa ngapi.

"Sikuchukulii mtoto kwa ubaya, Rhobi," akasema. "Nimezika wawili kwa kifua hiki hiki. Ukipona, nitamleta kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini nione karatasi. Maneno ya kusema umepona siyataki, wale wawili wangu nao walisema wamepona. Na usipopona, ni mjukuu wangu."

Nilitaka kumtukana. Sikuwa na pumzi ya kutosha. Na la kuudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Ghati hakulia hata kidogo, alifurahia kubebwa, akanipungia mkono mpaka wakageuka kwenye ghala la kijiji. Mimi ndiye niliyelia, nikalia mpaka mama akaogopa nitatapika damu.

Kuanzia hapo nikawa na kikombe changu, cha bati, mama amekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio kisichanganyike na vingine. Sahani yangu, kijiko changu, kigoda changu upande wa upepo. Mama alikuwa akinipa uji wa mtama kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mgeni. Heshima ile iliniuma kuliko mama mkwe.

*

Dawa ilikuwa sindano sitini, moja kila siku, Jumapili pia, na vidonge juu yake. Bwana Mganga wa zahanati yetu alikuwa mfupi, mkavu, mkali wa saa. Alichemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ule mlio wa sindano zikigongana kwenye maji, mpaka leo nikichemsha mayai namkumbuka. Alikuchoma leo kulia, kesho kushoto. Baada ya wiki mbili makalio yote ni mabonge, hujui ulalie upande gani. Mama alinikanda kwa maji ya moto na kitambaa, akiimba chinichini nyimbo za kanisani, na hiyo ilikuwa neema yangu ya kila siku. Nawe utapata ya kwako. Ukiipata usione aibu kuipokea.

Kabla ya kuchoma, Bwana Mganga aliuliza maswali matatu, kila siku, kwa sauti ileile: "Kizunguzungu? Masikio yanalia? Ganzi mdomoni?" Sisi tulijibu kama kanisani, wote kwa pamoja, "Hapana." Weka maswali hayo akilini. Mimi nilidhani ni salamu.

Likizo ya Juni ikaja, na pamoja nayo Mwalimu Haule. Alitoka Songea, ametumwa na idara ya elimu kufundisha walimu wa huku uchoraji kwa wiki sita, ili tujitengenezee picha za kufundishia badala ya kungoja za kununua. Alikuwa mrefu, mpole, kofia ya majani, na kila kitu alikiita "kizuri", hata fisi. Tulikuwa walimu tisa, wanne kutoka Issenye na kwingine, watano wa pale pale. Alikuja na rangi za maji kwenye visanduku vya bati, brashi chache za kugawana, na karatasi za manila. Akasema picha za kunakili kitabuni hana haja nazo. Tutatoka nje, tutasimama mbele ya nchi, tutachora nchi.

Nilikwenda kuomba ruhusa zahanati. Nilikuwa nimeshachomwa sindano thelathini, na damu imekoma.

"Ndani ya darasa, hapana," Bwana Mganga akasema. "Nje, nenda. Simama upande upepo unakokwenda."

Basi nikawa mwanafunzi wa nje. Wenzangu wakiwa darasani kwa maelezo, mimi nilisikiliza dirishani kama mbuzi. Wakitoka, tunakuwa sawa.

Sikuwahi kujua kuangalia ni kazi. Mwalimu Haule alitufundisha kunyoosha mkono na kupima mti kwa kalamu. Alitufundisha kufinya macho mpaka majani yapotee yabaki mafungu, fungu la giza, fungu la mwanga. "Anza na mbali," alisema, "malizia na karibu. Cha mbali kina rangi nyembamba, kimetiwa maji mengi. Usikionee huruma, kiache kififie." Alitufundisha kuchagua kitu kimoja kisichohama, jiwe au mti, na kupima kila kitu kutoka hapo. Maji tulibeba kwenye vibuyu. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na rangi ilikauka kabla hujaijutia. Vumbi liliingia kwenye picha likabaki humo. Nilipokuwa nikichora sikukohoa. Nikamaliza asubuhi nzima sijamkumbuka Ghati, kisha nikamkumbuka kwa mkupuo, nikaona haya.

Siku ya nne akatupeleka kwenye miamba nyuma ya shule, tukitazama kilima.

Kilima hicho ndicho kilichokuwa kwetu. Siku ya Operesheni majani ya paa yalichomwa ili tusirudi, na kuta mvua imezimaliza. Kilichobaki ni duara za minyaa zilizokuwa nyua na mazizi, na makaburi. Baba yangu alikufa mwaka mmoja kabla, akazikwa uani karibu na zizi, mahali alipopenda kusimama jioni ng'ombe wakiingia. Tulipohama, tulimwacha.  Ulipakia sufuria kwenye lori na ukatazama mbele.

Tulichora mpaka adhuhuri. Mwalimu Haule akaziweka picha zote tisa chini, juu ya mwamba, akaweka vijiwe pembeni zisipeperuke. Akaziangalia. Akakiangalia kilima. Akavua kofia.

"Hizi nne nazielewa," akasema. "Hizi tano, ndugu zangu, hizi nyumba ziko wapi?"

Tulikusanyika kuangalia. Picha za wageni zilikuwa na kilima kitupu na miti. Za sisi watano zilikuwa na nyumba. Paa za msonge, mazizi, njia kati ya boma na boma, moshi. Hatukuwa tumeambiana. Nyumba ya kina Chacha, mmoja wetu watano, katika picha yake ilikuwa pale pale ilipokuwa katika picha yangu, chini ya mtini, na mtini wenyewe ulikatwa siku ileile ya kuhama. 

"Chora unachokiona," Mwalimu Haule akasema taratibu.

Chacha, ambaye alifundisha darasa la sita na hakuwa mtu wa maneno mengi, akamjibu, "Ndicho ninachokiona."

Mwalimu Haule hakutucheka wala hakuturekebisha. Alizikunja zile tano, akampa kila mtu yake. "Hizi msizilete ofisini," akasema. "Mkae nazo nyumbani." Tulishuka, picha zimekunjwa kwapani. Nilijiambia ni mazoea ya macho. Mpaka leo najiambia hivyo.

*

Kengele nilizisikia kwa mara ya kwanza siku ya sindano ya thelathini na tano, palepale kwenye miamba. Zilitoka upande wa kushoto, mbali, laini, kengele za ng'ombe zinazoshuka kilima. Nikainua kichwa. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, mifugo yote ilikuwa mtoni. Nikaendelea kuchora, nazo zikaendelea.

Kesho yake zilinikuta nyumbani. Keshokutwa zilinikuta kwenye benchi. Bwana Mganga akauliza, "Masikio yanalia?" nami nikasema hapana. Sikiliza, sikuwa nadanganya, si siku ile. Masikio yangu hayakuwa yakilia. Kilichokuwa kikilia ni kengele, tena nilizijua. Baba alikuwa na dume mmoja mwenye kengele nzito ya chuma, na nyuma yake majike mawili yenye kengele ndogo. Unaweza kusahau uso wa mtu, lakini siyo kengele za zizi la kwenu.

Nilimwambia mtu mmoja tu, baba mdogo Marwa, mdogo wake marehemu baba, ambaye nilimwita tata kama nilivyomwita baba. Alikuwa akichonga mpini wa jembe. Hakuinua macho.

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Ni yeye," akasema. "Ataacha kuita vipi? Tumemwacha kule na mavi ya ng'ombe. Analeta ng'ombe nyumbani, anakuta nyumba hakuna."

"Ananitaka nini, tata?"

"Nitachinja mbuzi pale. Tutaongea naye. Lakini wewe," na hapa akaweka kisu chini, "usimwambie huyo wa sindano. Mambo haya hayachomwi sindano. Atasema kichwa kimeharibika, atakuandikia Dodoma kwa vichaa. Na mama mkwe wako akisikia kwamba una kifua na kichwa pia, huyo mtoto utamwona tena lini?"

Alinipata pale pale. Ningeweza kubishana naye juu ya mizimu, nilikuwa msomi bwana, nimemaliza chuo. Juu ya Ghati sikuweza. Kuanzia asubuhi iliyofuata, Bwana Mganga akiuliza, nilisema hapana nikijua nasema uongo. Nikasema uongo wiki nzima, na baada yake, nikainua sketi, nikachomwa.

Tata alichinja mbuzi wake kweli. Tulikwenda watatu, yeye, mama na mimi, asubuhi, nikapumzika mara nne njiani. Aliongea na kaka yake kwa Kikurya, kwa ukali, kama watu wanaogombania mpaka wa shamba, akamweleza habari za barabara na ghala na kwamba haikuwa shauri letu. Mama alisali ya kwake pembeni. Mimi nilisimama kwenye pengo la minyaa lililokuwa lango, na kengele zilinijaa kichwani mpaka nikashika mti. Niliogopa sana. Na nisikufiche, nilifurahi pia. Miaka mitatu sijasikia chochote kutoka kwa baba, sasa alikuwa anakuja kila siku.

Julai nyumbu wakaja. Upeo wa kusini ukawa mweusi, na harufu yao na ya majani yaliyochomwa ikatufikia kijijini. Mwalimu Haule alifurahi mpaka akasahau chakula. Wote walichora nyumbu. Mimi nilichora kilima. Kila siku kilima, na kila siku nikaongeza ng'ombe, mmoja, wawili, nikiwapanga kama walivyokuwa wakiingia zizini. Nilikuwa naumwa kwa namna nyingine sasa. Nikigeuka haraka ardhi ilipanda upande mmoja. Nilitembea nikishika kuta, na watu barabarani walisema mwalimu Rhobi ameanza pombe ya mtama.

Siku ya sindano ya arobaini na nane nilianguka pale miambani, na kibuyu changu cha maji kikamwagikia picha ya Chacha. Chacha akacheka, akasema nisimlipe, nimtengenezee tu ziwa kwenye picha. Mwalimu Haule hakucheka. Aliniinua, akanikalisha, akaiangalia picha yangu.

"Huyu ni nani?"

Kwenye lango la zizi kulikuwa na mzee amesimama. Rangi nyembamba, maji mengi, lakini ni mzee, na fimbo, na alikuwa ametazama huku kwetu. Brashi ilikuwa yangu. Nakuapia, sikukumbuka kumchora.

Nilivunjika. Nikamwambia yote, kengele, mbuzi, Ghati, nikamwambia pia kwamba akinipeleka Dodoma nitamlaani yeye na Songea yake. Alisikiliza amechuchumaa. 

"Unazisikia sasa?"

"Nazisikia."

"Zinatoka wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye minyaa ya kwetu, kushoto kwangu.

"Haya, simama polepole. Nimewafundisha nini juu ya kitu kilichopo? Ukigeuka, chenyewe hakigeuki. Geuka, mwalimu. Ukipe kilima mgongo."

Alinishika mabega, nikageuka. Kilima sasa kilikuwa nyuma yangu, upande wa kulia.

"Kengele ziko wapi?"

Zilikuwa kushoto. Kushoto kwangu kulikuwa na shule, na jua, na choo cha walimu.

"Geuka tena."

Nikageuka tena. Nikageuka mpaka nikamaliza duara, yeye amenishika nisianguke, na kengele zikageuka nami hatua kwa hatua, hazikubaki kilimani hata mara moja. Akaziba sikio langu la kulia kwa kiganja chake, akasema kitu. Niliona midomo yake inacheza. Sikusikia neno. Nilisikia ng'ombe tu.

Nililia pale miambani mbele ya walimu wazima. Walidhani nalilia sikio. Nalia nini na sikio? Nilikuwa nalia kwa sababu hakuwa yeye.

*

Bwana Mganga hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alikuja akakaa na mimi kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza ni siku ngapi.

"Kumi na nne."

"Nilikuuliza kila siku, Rhobi."

"Uliniuliza."

"Ni hii dawa. Inaua ugonjwa wa kifua, na wengine inawaharibu masikio. Tukijua mapema tunaiacha, sikio linapona." Akaangalia mikono yake. "Nilipaswa kukueleza kwa nini nauliza. Nilidhani mwalimu anajua."

Alikata sindano siku ile ile. Nilibaki na vidonge tu, vyeupe, vikubwa, na sasa badala ya mwaka ilikuwa mwaka na nusu. Kwa hiyo hapa ndipo ninapokuomba, wewe wa kwenye benchi. Ukisikia kitu, sema. Iwe ni nyuki, iwe ngoma, iwe marehemu baba yako anakuita kwa jina la utotoni, sema. Achana na kufikiri utaonekana nani. Sema kwanza, halafu nenda ukachinje mbuzi wako.

Tata Marwa nilimweleza pia. Nilimweleza kwa ushindi kidogo, nikamwonyesha jinsi ya kugeuka, kwamba kengele zimo kichwani mwangu na siyo kilimani. Aliendelea na mpini wake.

"Na kama amehamia humo?" akasema. "Sisi tumehamishwa wote, yeye atashindwa kuhama?"

 

Sikio halikurudi. Kengele zilibaki mpaka mvua za vuli, zikipungua, jike moja likanyamaza, kisha la pili. Dume alibaki peke yake wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja nikiwa nakunywa vidonge nikagundua kwamba upande wa kushoto hakuna kitu. Sikuwahi kusikia ukimya wa namna hiyo. Nilihuzunika kuliko siku ya mazishi, na sikuweza kumwambia mtu, maana wote walikuwa wananipongeza.

Vidonge nilihesabu kwa mashamba. Nilivinywa mtama ukipandwa, ukipaliliwa, ukifukuziwa ndege, ukivunwa. Vilinipa kichefuchefu, nikavinywa. Miezi sita ya mwisho sikukohoa kabisa, nikaona nimepona, nikaanza kuvificha chini ya kigoda, na mama akavipata akavipanga mezani mbele yangu, akasimama mpaka nikavimeza vyote vya siku ile. Sketi zikarudi kushika kiuno. Mume wangu, aliyekuwa akija na kulala kwa jirani, siku moja alikuja akakaa kigoda kilekile upande wangu wa upepo, akamega ugali kwenye sahani yangu. Akaomba chumvi. Nyumbu walipita tena. Mama akakata ule uzi mwekundu kwa meno.

Makohozi yalipimwa mara tatu, safi mara tatu, na karatasi nikaituma Tarime.

Mama mkwe alikuja nusu ya pili ya mavuno, kwa miguu yake kama alivyosema, mguu mmoja umevimba. Akaniomba karatasi yenyewe ya muhuri, akampa Chacha aisome kwa sauti uani, mbele ya majirani. Alipomaliza ndipo akakaa. Akanishika mkono, akaushika muda mrefu. "Umefanya kazi, mwanangu," akasema. Hapo tulilia wote wawili, na hasira yangu yote ya mwaka na nusu ikaisha kipumbavu tu.

Ghati alikuwa na miaka mitano. Amerefuka, wembamba umemwingia, ana pengo. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," akarudi kusimama nyuma ya bibi yake, ambaye ndiye sasa aliyemwita mama. Tulikuwa tumeambiwa tusimlazimishe. Bibi yake akakaa wiki mbili ili amzoeze, na kila siku usiku na mchana nilijifanya sina haraka. Nilimwonyesha rangi. Alizipenda, akachora kuku wa zambarau. Lakini bado ni mwalimu, mwalimu, mwalimu, maji mwalimu, nimeshiba mwalimu.

Siku ya tisa nilikuwa uani namenya muhogo. Bibi na mama walikuwa wanapepeta mtama, Chacha amekuja kuazima baiskeli. Nilikuwa na furaha ya kawaida tu, kisu kikali, jua zuri. Nikaona wote wamenyamaza na wananitazama. Mama ungo umesimama hewani.

"Rhobi," akasema, "hujamsikia mtoto?"

"Mtoto gani? Yuko wapi?"

"Alikuwa hapo ubavuni kwako. Kakuita."

"Kaniitaje?"

Mama akashusha ungo. Mama mkwe ndiye aliyejibu, taratibu. "Amekuita mama. Amekuita mama mara mbili, na hukugeuka. Amekimbilia nyuma ya nyumba."

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anachimba ardhi kwa kijiti. Nikapiga magoti. Nikamweleza, sikio hili limekufa, lilikufa kwa dawa, mama hasikii upande huu, si kwamba alikataa. Nikamwonyesha. Nikamwekea kidole chake kwenye sikio lenyewe. Alisikiliza vizuri kabisa, ni mtoto mwenye akili.

"Sasa niite tena," nikamwambia. "Upande huu. Nisikie."

Ghati akaniangalia, akarudia kijiti chake.

"Nilishasema," akasema.

Alikuja kuniita tena wakati wa mvua, na tangu hapo amelisema neno hilo mpaka limechakaa, yeye mwenyewe sasa ana watoto. Lakini lile la kwanza alilisema siku ile, na watu wote uani walilisikia isipokuwa mimi.